Bamba Lililogeuzwa

Kazi yangu ni kuvunja vitu, na ninalipwa kwa hilo, ingawa wifi yangu anasema ningeifanya hata bure. Nakaa kwenye maabara ya karakana ya zege, chumba chenye mashine moja kubwa, meza mbili na feni isiyofika mahali penye joto. Mafundi huniletea boriti fupi za majaribio walizozifyatua kwa mchanganyiko ule ule wa kazi zao, nami naziweka kwenye mashine na kuzipinda mpaka zishindwe. Nyumbani wananiita Vunja. Jina hilo alinibandika kaka yangu nilipokuwa mdogo, kwa sababu ya vikombe.

Yeye mwenyewe wanamwita Kioo. Ni fundi mkuu wa mabamba ya zege ya sakafu pale pale karakana, na jina lake alilipata kihalali. Bamba likitoka mikononi mwake unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Mama alipofariki nilikuwa bado sijui kufunga kamba za viatu. Kaka ndiye aliyenifungia, akanipikia uji wenye mabonge, akanisomesha, akanichapa nilipostahili na mara nyingine hata nisipostahili. Sina mzazi mwingine ninayemkumbuka vizuri. Nasema haya mapema ili mtu asidhani niliyoyafanya yalikuwa mepesi.

Sasa, zege. Zege la kawaida ukilikandamiza linabeba mzigo wowote bila kulalamika, lakini ukilipinda halina uvumilivu. Linanyamaza, linanyamaza, halafu pa! Vipande viwili. Halikupi hata nafasi ya kusema "jamani". Ndiyo maana watu hutia nondo. Na pale ambapo bamba ni jembamba mno kwa nondo, sisi tunachanganya nyuzi za chuma, vijiti vifupi vyembamba vilivyopindwa ncha, ambavyo humwagwa kwenye mchanganyiko unaozunguka kama mtu anavyotia chumvi. Zege lenye nyuzi nalo hupasuka, sikatai. Lakini ufa ukianza, nyuzi zinaushika huku na huku. Bamba linanung'unika, linalegea, linaning'inia, na wewe unapata muda wa kukimbia. Mimi nalipenda kwa hilo tu. Watu wengi ninaowajua hawana ustaarabu huo.

Ubaya wa nyuzi ni kwamba zinachoma. Tulipoanza kuzitumia, kaka alichukua mabaki ya mchanganyiko wa kwanza akanifyatulia kipandio cha mlango wangu wa nyuma. Kilitoka kibaya, Mungu atusamehe: madoadoa, matundu, na ncha za chuma zimejitokeza kila mahali kama ndevu za wiki mbili. Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Akaanguka pale, goti likachanika, kidonda kikatunga usaha, akapata homa. Mjomba wake alishinda naye zahanati kutwa nzima, na aliporudi aliniambia hakuna mtoto mwingine atakayechomwa na kazi yake. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka. Kumbe alikuwa anakula kiapo.

Tangu hapo akajitungia namna yake ya kufanya kazi. Mabamba aliyafyatua kifudifudi, yaani upande utakaokanyagwa na watu ndio unaolala chini, kwenye kalibu ya chuma iliyopakwa mafuta. Kalibu hiyo hukaa juu ya meza inayotetemeka ili zege lishuke na kutoa hewa. Wenzake wakitaka kuzima meza, yeye anainua kidole. "Acha icheze," anasema. "Acha icheze kidogo tena." Meza inacheza mpaka uso unatoka bila tundu hata moja. Likishakauka, bamba linageuzwa, na hapo watu wanakusanyika kulitazama. Nimeona wageni wakivua viatu kabla ya kulikanyaga.

Mwaka huu alipewa kazi ya kibaraza cha ghorofani kwenye bweni jipya la wasichana, na binti yangu ni mmoja wa wasichana hao. Kaka aliyafyatua yale mabamba kama mtu anayeshona nguo ya harusi. "Atapita pale peku kwenda kuoga," aliniambia. "Sitaki hata ajue kuwa anakanyaga zege." Yalishapandishwa yote isipokuwa machache ya akiba, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

Ijumaa mchana mwenzangu wa maabara, mzee ambaye miwani yake imeshikwa na waya, aliweka boriti ya kaka kwenye mashine ikiwa imepinduliwa. Sisi tulikuwa na mazoea ya kuziweka kama zilivyotoka kwenye kalibu, upande ulioandikwa jina ukiwa juu, ili tusome bila kuinama. Ulikuwa uvivu tu uliogeuka utaratibu. Mzee wa watu alikuwa na haraka ya kwenda kula, hakuangalia. Akabonyeza. Boriti ikapiga kelele moja na kuanguka vipande viwili sakafuni.

Nilimfokea. Mimi mdomo wangu huwa unatangulia, kichwa kinafuata baadaye. Nilimwambia ameharibu sampuli nzuri ya mtu, na boriti za Kioo hazijawahi kukatika hivyo tangu dunia iumbwe. Halafu nikaokota kipande nikatazama mahali kilipokatika.

Nyuzi zote zilikuwa upande mmoja. Zilikuwa zimejikusanya pale palipokuwa chini kabisa ndani ya kalibu, zimesongamana kama nywele kwenye tundu la bafu. Upande wa pili ulikuwa zege tupu, safi, halina hata uzi.

Nikachukua boriti nyingine ya mchanganyiko ule ule nikaiweka kwa mazoea yetu. Ikapasuka chini, ikanung'unika, ikashikilia, kama zilivyofanya zote. Nikachukua ya mwisho nikaipindua. Pa!

Nilikaa kwenye ndoo. Bamba likibeba watu linapindika, na linapopindika ni upande wa chini unaovutwa mpaka upasuke. Huko ndiko nyuzi zinakotakiwa. Meza ya kaka ilikuwa imecheza mno, nyuzi zikazama mpaka chini kabisa ndani ya kalibu. Kwenye boriti zangu, chini ilibaki kuwa chini, ndiyo maana zilikuwa zinafaulu na tunampongeza. Lakini mabamba yake yaligeuzwa. Nyuzi zote zilikuwa juu, chini ya ule uso wa kioo, mahali zisipofanya kazi yoyote. Wasichana wangekuwa wanatembea hewani juu ya zege lisilojua kuonya.

Hapo ilinipasa kwenda moja kwa moja kwa mhandisi wa karakana. Niliona taa ya ofisi yake inawaka. Nikapita mlangoni pake, nikaenda kwa kaka.

Nilimkuta uani kwake, amekaa kwenye kigoda anasugua saruji kwenye vidole kwa jiwe. Wifi yangu alikuwa anaanua nguo. "Vunja huyo," akasema. "Ficheni vyombo." Sikucheka, naye akaniangalia vizuri, akakusanya nguo zake akaingia ndani.

Nilimweleza kaka kila kitu taratibu, jambo ambalo silijui vizuri. Alisikiliza bila kuacha kusugua.

"Kwa hiyo nimeiba nyuzi," akasema.

"Kaka, nani kasema umeiba? Nyuzi zimo. Ziko upande usiotakiwa."

"Nani mwingine anajua?"

"Mzee wa maabara. Bado sijamwambia injinia. Nimekuja kwako kwanza."

"Umekuja kwangu kwanza ili nifanye nini? Nikushukuru?"

"Ili uende wewe mwenyewe ukawaambie. Ukisema wewe, ni fundi aliyegundua kosa. Nikisema mimi..."

"Ukisema wewe ni mdogo wangu aliyenichoma kisu." Aliliweka jiwe chini. "Sikia, mama. Mimi nimekaa na zege tangu wewe unanyonya kidole. Yule atakayepita pale ni mwanao, na ni mwanangu. Unadhani ningemtengenezea kitu cha kumuua?"

Hilo ndilo swali nililokuwa naliogopa njia nzima. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna anayetilia shaka mapenzi yake, na kwamba mapenzi yenyewe ndiyo yaliyoiacha meza icheze. Nikamwambia tu aje maabara asubuhi aone kwa macho yake.

Alikuja. Nilimwekea boriti mbili alizozifyatua yeye mwenyewe kwa ajili ya kazi nyingine, moja ikiwa imelala kama ilivyotoka, moja imepinduliwa. Ya kwanza ilipasuka ikaning'inia. Ya pili ilikatika kwa kishindo, akashtuka, nikamwona akishtuka. Nilimpa kipande. Alipitisha kidole gumba pale penye nyuzi, akakirudisha mezani taratibu.

"Mashine ni ya kwenu," akasema. "Inasema mnachotaka. Watu hawatembei juu ya mashine."

Basi nikaenda kwa mhandisi. Ni mama mmoja mwenye sauti ndogo ambaye hajawahi kunikatiza, na siku hiyo pia hakunikatiza. Nilipomaliza alipiga simu bwenini akaagiza kibaraza kifungwe na mtu asipande. Halafu akatoa kofia yake ngumu kwenye msumari. "Hapa hakuna mwizi," akasema. "Sisi nasi tumepima vibaya, tutalisema hilo. Lakini nataka nilione bamba lenyewe, siyo boriti. Waambie waweke moja la akiba juu ya magogo, tulipakie mifuko ya saruji."

Kaka akasikia, maana karakana haina siri. Tulipofika uwanjani alikuwa ameshalitandaza bamba mwenyewe, huku na huku limeegemea gogo, katikati patupu, usawa wa paja. Alikuwa amelifuta vumbi. Uso wake ulikuwa unang'aa, mawingu yanaonekana humo, na naapa kwamba hata wakati ule niliona fahari. Wafyatuaji wote walisimama kuzunguka. Hakuna aliyenisalimu.

Mhandisi akaonyesha mifuko. Kaka akaingia mbele.

"Mifuko ya nini, mama? Mimi si mzigo?"

"Shuka hapo, fundi," mhandisi akasema, maana alikuwa ameshapanda.

Alisimama katikati, mikono kiunoni. Bamba likatulia tuli. Wenzake wakapiga makofi. Kaka akanitazama mimi, siyo mhandisi, na usoni mwake hamkuwa na hasira. Alikuwa na ile sura aliyokuwa nayo nilipokuwa naogopa giza na yeye anaingia chumbani kwanza kunionyesha hakuna kitu.

"Unaona?" akasema. "Kobe, panda."

Kobe ni msaidizi wake wa miaka mingi, mtu mnene anayefanya kila kitu polepole. Akapanda kwa kusitasita. Bamba likatulia.

"Kaka, shuka!" nikasema. "Halitakuambia! Kaka, hilo halisemi kabla!"

"Limekushinda kuvunja, basi unataka kunivunja mimi?" Na wenzake wakacheka, na yeye akacheka, akainua mguu akapiga kisigino.

Hakukuwa na mnung'uniko. Hakukuwa na ufa uliotangulia. Dakika ile lilikuwepo bamba na watu wawili juu yake, halafu kishindo, na vumbi, na vipande viwili vimejikunja kwa ndani kama kitabu kinachofungwa. Kobe alitupwa pembeni, akaamka mwenyewe, akawa anajipapasa haamini. Kaka alikuwa amekaa chini, na kipande kimoja kilikuwa juu ya mguu wake.

Nilisahau maabara, nilisahau vipimo. Nililishika lile zege kwa mikono mitupu, na pale lilipokatika nyuzi za juu zilinichana viganja, na nilizichukia zile nyuzi kama zina roho. Watu wanne walilinyanyua. Kaka hakulia. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua.

Mguu ulivunjika mahali pawili. Akafungwa plasta mpaka juu ya goti, akarudishwa nyumbani, na akakataa kuniona.

Wifi ndiye aliyekuwa ananipokea mlangoni. Ananipa maji, nakunywa, naondoka. Siku moja alisema, "Hanisemeshi hata mimi. Anachofanya ni kusikiliza tu." Sikuuliza anasikiliza nini, maana nyumba yao iko jirani na karakana. Mabamba ya bweni yalikuwa yameshushwa yote na yalikuwa yanavunjwa kwa nyundo pale uwanjani, na waliokuwa wanayavunja ni vijana aliowafundisha yeye. Nyundo zilikuwa zinaanza asubuhi. Mhandisi hakumfukuza mtu. Aliandika kosa letu sambamba na lake, akaagiza meza iwe inazimwa kwa saa ya ukutani. Lakini pale karakana hakuna tena aliyemwita Kioo. Walisema "fundi", kwa heshima, na nadhani heshima hiyo ilimuuma kuliko mguu.

Mimi nililia sana kipindi kile, nalisema wazi. Nililia nikiwa nafua, nikiwa napanga boriti, nikiwa nafanya kitu chochote ambacho mikono inafanya peke yake. Nilikuwa na haki na haki yenyewe haikunisaidia kulala.

Halafu Jumapili moja alasiri nikasikia magongo nje. Alikuwa amekuja mlango wa nyuma, kama alivyozoea. Wifi alikuwa nyuma yake, ananipa ishara ya macho nisiseme kitu, jambo ambalo kwangu ni adhabu. Kaka hakunitazama. Alitafuta pa kukaa, na palipokuwa karibu ni pale kwenye kipandio.

Mimi kile kipandio nilikuwa nimekifunika kwa mkeka tangu siku ya goti. Miaka kadhaa iliyopita pipa la maji liliwahi kuangukia katikati yake, pale patupu kati ya matofali yanayokibeba, kikapasuka upande hadi upande, na kaka aliposikia aliniomba mara nyingi aje aking'oe aniwekee kingine, kizuri. Nilikuwa namwambia kesho, kesho. Tulikikanyaga hivyo hivyo na ufa wake, na pipa tuliliburuza juu yake kila wiki.

Aliuvuta mkeka kwa ncha ya gongo. Akakitazama. Akainama kwa shida, akachungulia ule ufa, mahali nyuzi zilipokuwa zimeushika huku na huku, zimeota kutu, zimekaza.

"Hiki hakijaanguka," akasema.

"Hapana, kaka."

"Na pipa."

"Na pipa."

Akalilaza gongo pembeni. Halafu akasema, bado ananisemesha kupitia kipandio, "Nilikuwa nasikiliza, unajua. Pale juu. Ulivyosema halisemi kabla, nikapiga kisigino ili lisikike. Nilitaka liseme japo kidogo." Akaugusa ufa kwa kidole. "Halikusema kitu. Angekuwa mtoto pale, lisingemwambia kitu."

Binti yangu alitoka jikoni aliposikia sauti ya mjomba wake. Ni mrefu sasa, karibu ananipita. Aliketi karibu naye moja kwa moja, kwenye zile ncha, bila hata kutandika kanga.

"Lete goti," kaka akamwambia.

Akalileta. Kovu lipo, dogo, limefifia, ukiwa hujaambiwa hulioni. Kaka aliliwekea kidole gumba.

"Kwa ajili ya hili," akasema. "Nilisema hutachomwa tena."

"Mjomba," binti yangu akasema, na alisema kwa upole, hakuwa na nia ya kumuumiza, "mimi hata sikumbuki kulia. Nakumbuka wewe ndiye ulikuwa unalia."

Wifi aligeuka akatazama ukuta. Kaka alikaa vile vile na kidole chake gotini pa mtoto, na mabega yakaanza kumtetemeka, naye hakujaribu kuyazuia. Niliketi upande wa pili. Kipandio ni chembamba, tulibanana, na nyuzi zilinichoma pajani nikavumilia.

Baadaye aliomba kuinuka. Alinyoosha mkono bila kunitazama bado, nikampa bega langu, akaliegemea kwa uzito wake wote.